Presha, na bado nala papa

Presha haiumi, ndiyo maana inatushinda. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikimaliza pakiti ya amlodipini, kidonge changu cha presha, najiona mzima, naacha. Siku nimekwenda hospitali kwa ajili ya goti, mashine ikasoma 178 kwa 104.

Sasa kidonge kinakaa kikombe kimoja na tasbihi. Nikimaliza kuswali alfajiri, nakinywa. Nikisahau nikakumbuka adhuhuri, nakinywa vilevile. Nikikumbuka usiku, nangoja kesho. Viwili kwa mpigo, hapana. Ramadhani ikikaribia namuuliza daktari mapema. Mimi alinihamishia wakati wa kufuturu, lakini jirani yangu anayemeza dawa ya presha ya kukojosha alipangiwa vingine, kwa hivyo ratiba yangu usiiige.

Kazi yenyewe ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko cha chai, na hapo umeshahesabu mkate, achari na kachiri, zile krispi za kukaanga. Nami Ijumaa bila papa wa chumvi sijala! Mama watoto humroweka usiku kucha, maji anayabadilisha mara tatu, asubuhi anamchemsha, anamwaga, ndipo anatia tui, bizari na ndimu nyingi. Chumvi ya mkono haitii. Hata hivyo nala kipande kimoja, na wakati mwingine nanung'unika.

Kupima nako kuna adabu yake. Kaa dakika 5, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, kimya. Kahawa chungu iwe imepita nusu saa. Niliwahi kushuka feri, nikapanda ule mlima wa kivukoni kwa haraka, nikapimwa papo hapo. Nesi nusura anilaze bure. Lakini ikifika 180 kwa 120, na kifua kinabana au ulimi umekuwa mzito, usikae kupimapima, kimbilia hospitali.

Miguu ikivimba jioni, huenda ni tabia ya amlodipini. Mwambie daktari, usijikatie dawa. Na goti langu nilikuwa nalinunulia diklofenaki, dawa ya maumivu, dukani kimyakimya, kumbe nayo hupandisha presha. Siku hizi nalikanda kwa maji ya moto, jioni natembea Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, polepole. Wauza mihogo wananijua. Nanunua, ila pilipili natoka nayo nyumbani kwenye kikaratasi, maana yao imechanganywa chumvi.