Kuzuru Msikiti wa Et'hem Bey, Tirana
Msikiti uko pembeni mwa Uwanja wa Skanderbeg, katikati ya mji mkuu wa Albania. Ijumaa adhuhuri usiende kutalii. Subiri swala iishe. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, na mwanamke abebe mtandio. Viatu huvuliwa kabla ya kukanyaga zulia, kwa hiyo soksi ziwe safi.

Wengi hukosea hapo: wakishavua tu, wanakimbilia ndani. Simama kwanza barazani, uinue macho. Kutani kuna miti, maporomoko ya maji na madaraja, michoro iliyo adimu mno misikitini. Usiiguse, jasho la vidole huila rangi. Ujenzi ulikamilika yapata 1821. Wakomunisti waliotawala Albania waliufunga msikiti, ukafunguliwa tena Januari 1991. Ukipiga picha, zima mwako wa kamera.