Fomu ndefu isipotee mtu akitoka kwenye ukurasa

Mtu anajaza fomu kwenye simu, anatoka kidogo kutafuta namba ya malipo kwenye meseji, akirudi ukurasa umejipakia upya na yote aliyoandika yamefutika. Nimetoka kumsaidia mwenzangu kulimaliza tatizo hili, na hatua ni hizi.

1. Unganisha skripti ya JavaScript kwa `defer`, ili ianze ukurasa ukishasomwa wote. Tukio la `load` (taarifa ya kivinjari kwamba kila kitu kimepakiwa) achana nalo, linangoja hadi picha zote.

2. Andika fanksheni mbili, `hifadhi()` na `rejesha()`, kwa `localStorage`, hifadhi ya kivinjari iliyo kwenye simu au kompyuta ya mtu mwenyewe. Nywila na namba za kadi usizihifadhi kabisa.

3. Sasa, `hifadhi()` uiite lini? Wengi hukimbilia `beforeunload` au `unload`, taarifa ambazo kivinjari hutoa ukurasa unapofungwa. Kwenye kompyuta zinakubali, basi mtu anaona kazi imekwisha. Kwenye simu, mtu akihamia programu nyingine, kisha mfumo ukakifunga kivinjari ili kupata memori, hakuna hata moja kati ya hizo inayotokea. Tukio la mwisho la kutegemea ni hili:

```
document.addEventListener('visibilitychange', () => {
  if (document.visibilityState === 'hidden') hifadhi();
});
```

Hiyo `if` ni lazima, kwa sababu tukio hutokea pia mtu anaporudi. Na `hidden` haina maana kwamba ameondoka moja kwa moja. Huenda amebadili kichupo tu, kwa hiyo usifute kitu hapo. Ukitaka kutuma rasimu kwenye seva, `fetch` ya kawaida inaweza kukatwa njiani, tumia `navigator.sendBeacon`, ambayo hutuma hata ukurasa ukifungwa, data isizidi KB 64. `unload` mimi naiondoa popote ninapoikuta: kwenye Chrome na Firefox za kompyuta inazuia ukurasa kuhifadhiwa mzima kwenye memori, na kitufe cha kurudi nyuma kinakuwa kizito.

4. Ita `rejesha()` skripti inapoanza. Lakini ukurasa uliotolewa kwenye memori hauanzishi skripti upya, na kitufe cha Tuma ulichokizima mtu alipokibonyeza, kikiwa kimeandikwa “Inatuma…”, kitabaki hivyohivyo. Sikiliza `pageshow` kwenye `window`, `event.persisted` ikiwa `true`, yaani ukurasa umetolewa kwenye memori, kiwashe tena.

5. Rasimu ifute kwenye ukurasa wa “Tumepokea”. Ukiifuta mtu anapobonyeza Tuma, ukurasa unapoondoka `visibilitychange` itaihifadhi tena, na atakayefungua fomu baadaye atayakuta majibu ya zamani.

Jaribu kwa simu yenyewe: andika, hamia programu nyingine, kifunge kivinjari kutoka kwenye orodha ya programu, kisha ukifungue.