Kopo la kumwagilia kwa bustani ya roshani

Kama bustani yako ni ya vyungu vilivyopangwa roshani, usikimbilie kopo kubwa la kumwagilia. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo kopo la lita 10 likijaa utalibeba kwa shida, na hapo ndipo maji yanapomwagika na kumdondokea jirani wa chini. Lita 3 hadi 5 zinatosha. Bora urudi bombani mara ya pili.

Mimi huangalia mdomo kuliko kitu kingine chochote. Uwe mrefu na mwembamba, upenye katikati ya majani na kufikisha maji kwenye udongo wenyewe. Kabla ya kununua, litazame kopo kwa ubavuni: ncha ya mdomo isiwe chini ya usawa wa tundu la kujazia, la sivyo maji yataanza kutoka mdomoni kabla halijajaa.

Kichwa chenye matundu kiwe cha kuchomoa. Kivishe wakati wa kumwagilia mbegu na miche, matundu yakitazama juu, maji yashuke kama manyunyu bila kufukua mbegu. Kwa mimea iliyokomaa, kichomoe.

Na pima kama kopo linaingia chini ya bomba lako.