Chambo laini chenye kichwa cha madini ya risasi, kwa kolekole wa Mikindani

Chonga kalibu ya jasi ya vipande viwili, ndoana ilale katikati. Ikaushe hadi ndani: tone moja la maji likikutana na risasi ya moto hugeuka mvuke na kukurushia risasi usoni. Wakati wa masika jua la Mtwara halitoshi. Iweke kando ya jiko la mkaa kutwa nzima.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi. Yeyushia nje, upepo ukitoka mgongoni, na sufuria hiyo isipikiwe tena chakula. Engua taka, mimina kwa mkupuo mmoja; ukisita, kichwa hutoka na makunyanzi. Gramu 20 zinatosha ghubani.

Mwili ni silikoni ya mafundi vioo, kalibu yake ikipakwa sabuni. Hukauka milimita 2 hadi 3 kwa siku. Ukiubandua mapema, tumbo bado uji.