Bafa ya soketi ya netlink: mambo ya kuzingatia kabla matukio hayajamiminika

Huduma inayosikiliza matukio ya vifaa kwenye Linux inaweza kukaa kutwa nzima haina kazi, kisha kontena mia tatu zinaanzishwa pamoja na maelfu ya ujumbe yanaingia kwa mkupuo. Ujumbe huo hutoka kwenye keneli (kiini cha Linux) kupitia soketi ya netlink, njia ya keneli ya kuzungumza na programu. Bafa ya soketi, yaani kumbukumbu ya kungojea, ndiyo inayoushika hadi huduma ipate nafasi ya kusoma. Kinachopimwa, basi, ni muda mrefu zaidi ambao huduma yako inaweza kukaa bila kusoma, na idadi ya matukio yanayoingia katika muda huo.

Anza kwa kuhesabu. Amri `udevadm trigger --dry-run --verbose | wc -l` inakupa idadi ya vifaa ambavyo vingetoa tukio iwapo vyote vingeamshwa sasa hivi. Usidhani kiolesura 1 cha mtandao ni tukio 1: kikizaliwa, hutoka tukio lake na la kila foleni yake ya rx (kupokea) na tx (kutuma). Jozi 300 za veth (violesura pepe vya kontena, viwili viwili) ni violesura 600, na hata kwa foleni moja moja hayo ni matukio 1800.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanazidisha kwa urefu wa ujumbe. Keneli haihesabu hivyo. Ujumbe wa baiti 300 hutozwa pia kumbukumbu ya vifungashio vyake, na jumla hufika karibu baiti 1280. Kwa `rmem_default`, ukubwa wa bafa usipoomba mwingine, ya baiti 212992, ambayo utaikuta kwenye mashine nyingi, bafa hujaa baada ya matukio kama 166. Yale 1800 yanataka takriban MB 2.3, na hiyo ni kabla hujaongeza akiba. Zidisha mara nne bila woga, kwa kuwa namba hii ni kikomo tu. Kumbukumbu hailiwi hadi ujumbe ufike. Soketi ya systemd-udevd yenyewe, huduma ya mfumo inayoshughulikia matukio haya, imewekewa 128M.

Kuomba ukubwa nako kuna mitego. `SO_RCVBUF`, chaguo la kuomba ukubwa wa bafa, ikizidi kikomo cha mfumo `net.core.rmem_max` hukatwa kimyakimya, na `setsockopt` bado inarudisha 0 kana kwamba mambo ni shwari. Kinachopita, keneli hukizidisha mara mbili. Soma tena kwa `getsockopt` na uandike jibu kwenye logi. `SO_RCVBUFFORCE` huruka kikomo hicho, ila inahitaji `CAP_NET_ADMIN`, ruhusa ya kusimamia mtandao. Bila hiyo utapata EPERM, kosa la kukosa ruhusa. Ukiamua kubadili `rmem_default` kwenye `/etc/sysctl.d/`, anzisha huduma upya, maana soketi iliyokwisha kufunguliwa haiguswi.

Mpangilio nao una uzito: weka ukubwa, jiunge na kundi la matukio, halafu ndipo uorodheshe vifaa vilivyopo. Ukitanguliza orodha, kifaa kitakachozaliwa katikati hutakiona kabisa.

Hata bafa kubwa siku moja itajaa, na netlink ikijaa haipotezi ujumbe mmoja tu. Soketi hutiwa alama ya msongamano, na kila kinachokuja hutupwa hadi foleni iishe kabisa. Huduma hupokea ENOBUFS, kosa la kusema bafa imejaa. Hilo si kosa la kufanya huduma ife: maliza kusoma foleni, kisha uorodheshe upya kutoka `/sys`. Kuwasha `NETLINK_NO_ENOBUFS`, chaguo la kuzima kosa hilo, ili kelele ziishe ni kujiziba masikio. Ujumbe unaendelea kupotea.

Jaribu kabla ya kupeleka kwenye seva za kazi. Simamisha huduma yako kwa `kill -STOP`, endesha `udevadm trigger` mara kadhaa, subiri sekunde 5, kisha `kill -CONT`. Fungua `/proc/net/netlink`, tafuta mstari wenye 15 (namba ya matukio ya vifaa) kwenye safu ya Eth na inode (namba ya utambulisho) ya soketi yako, uangalie Drops, idadi ya ujumbe uliotupwa. Ikiwa si 0, ongeza bafa na urudie. Ikibaki si 0 hata kwa MB 64, tatizo liko kwenye uzi (thread) unaosoma: huenda unaandika diskini au unaita programu nyingine kati ya tukio na tukio. Uache usome tu, kazi nzito ipelekwe kwenye uzi mwingine.