Namna ya Kufundisha Marekebisho ya 13, 14 na 15 ya Katiba ya Marekani

Mwalimu wa Historia aliyepo Mikindani au Kilwa Kivinje hahitaji muda mrefu kueleza biashara ya utumwa, kwa kuwa wanafunzi wake wamekulia katika miji ambayo bandari zake zilisafirisha watumwa. Kinachowatatiza ni jinsi sheria inavyoweza kuufuta utumwa na watu wakaendelea kutumikishwa. Kwa hiyo asianze na orodha ya tarehe, bali aanze na maneno yenyewe ya katiba.

Andika ubaoni kiini cha Marekebisho ya 13, yaliyoidhinishwa tarehe 6 Desemba 1865: utumwa na utumikishwaji wa lazima hautakuwepo Marekani, isipokuwa kama adhabu kwa mtu aliyetiwa hatiani kihalali. Mwite mwanafunzi mmoja apigie mstari neno analolitilia shaka. Wengi hukimbilia "utumwa". Subiri mpaka chaki ifike kwenye "isipokuwa", ndipo ueleze kwamba majimbo ya Kusini yaliufanya uzururaji kuwa kosa, yakawakamata watu weusi waliokwisha kuwa huru, kisha yakawakodisha kwa wenye mashamba, migodi na reli. (Darasa hushangaa zaidi likisikia kwamba sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilitungwa mwaka 1922.)

Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, yapite kwa haraka: yalimfanya raia kila aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake, hivyo yakatengua hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1857 katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, iliyowanyima watu weusi uraia.

Tulia kwenye Marekebisho ya 15, ya mwaka 1870. Yanakataza kumnyima raia kura kwa sababu ya asili yake, rangi yake au kuwahi kuwa mtumwa. Uliza: je, yametaja fedha? Yametaja kujua kusoma? Hayakutaja, na majimbo ya Kusini yakadai vyote viwili. Kodi ya kichwa, ambayo wazee wa Lindi na Mtwara wanaikumbuka kwa sababu zao wenyewe, kule ilikuwa sharti la kupiga kura. Iliondolewa katika chaguzi za kitaifa na Marekebisho ya 24 ya mwaka 1964, na mitihani ya kusoma ikaanza kuzuiwa na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965.

Kwa zoezi, kila mwanafunzi aandike upya kifungu kimojawapo kwa sentensi moja, abadilishane daftari na jirani yake, na jirani apewe dakika kumi za kuutafuta mwanya.