Mpiga piano wa jazi kutoka Japani: jinsi ya kujenga kazi Marekani

Njia iliyozoeleka hupitia shuleni. Mpiga piano Toshiko Akiyoshi aliingia Berklee, shule ya muziki iliyoko Boston, mwaka 1956. Mpiga piano mwenzake, Hiromi Uehara, akafuata mwaka 1999. Lakini viza ya mwanafunzi, F-1, hairuhusu kupokea malipo ya klabu hivi hivi. Ukikaribia kuhitimu omba OPT, kibali cha kufanya kazi miezi 12 katika fani uliyosomea. Maombi hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza masomo hadi siku 60 baada yake.

Miezi hiyo itumie kukusanya ushahidi wa viza ya O-1B, ya wasanii wenye uwezo wa kipekee, inayotolewa kwa hadi miaka 3. Huwezi kujiombea mwenyewe: mwajiri au wakala aliyeko Marekani ndiye huwasilisha fomu I-129, pamoja na mikataba na barua ya maoni kutoka chama cha wanamuziki. Tahakiki za magazeti ya Kijapani zitafsiriwe nzima kwa Kiingereza, na mtafsiri athibitishe kwa maandishi. Usitafsiri sifa peke yake.

Jukwaani, kinachoponza wageni wengi ni mkono wa kushoto mzito. Ukipiga peke yako, noti ya mzizi, ile inayoipa kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) jina lake, ni yako. Akiwepo mpiga besi, mwachie. Kwenye kordi ya Dm7 (D, F, A, C) shika F na C tu, karibu na C ya kati. Ikija kordi ya G7, shusha C iwe B, F ibaki palepale. Lifanyie mazoezi umbo hilo kwenye funguo zote 12, kwa sababu waimbaji hubadili ufunguo dakika ya mwisho.